Damu ya Mgonjwa ni Amana

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu yetu mmoja, mzalia wa Mombasa afanyaye biashara ya nguo katika soko la Chaka, ametuletea barua ndefu na kututaka tuijibu katika kurasa hizi. Kwa wasioijua Chaka, ni mji mdogo wa kaunti ya Nyeri, kando ya barabara iendayo Nanyuki, baina ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Baridi yake si ya watu wa Pwani. Waislamu huko ni wachache, na jambo likiwafika hawana mtu wa karibu wa kumwuliza. Kwa hivyo tumeona haitufai kuinyamazia barua yake, khasa kwa kuwa jambo lenyewe latuhusu sisi sote, wa bara na wa Pwani.

Asema kwamba mamake, bibi aliyepita miaka sitini, alipanda huko kukaa naye baada ya kufiwa na mumewe. Siku moja walikuja sokoni wanafunzi wa utabibu wa chuo kimoja, wamevaa makoti meupe, wakaweka meza na viti. Walikuwa wakichunguza maradhi ya presha na ya sukari. Bibi akaketi, akaulizwa umri wake na maradhi ya wazee wake, akapimwa mkononi, akatolewa damu kidogo. Kila kitu kikaandikwa daftarini. Akawaombea dua, akawaambia, "Mungu awafungulie, wanangu," kisha akainuka akenda zake. Hakuambiwa neno. Baada ya miezi minne alianguka alfajiri akienda kutawadha. Mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na ulimi umekuwa mzito. Hospitali wakasema ni kiharusi, na kwamba presha na sukari zote zi juu, wala si jambo la jana. Mwanawe akamtafuta mmoja katika wale wanafunzi mpaka akampata. Mwanafunzi akafungua daftari lake, na hesabu za bibi zimo: presha 190 kwa 115. Akasema kwa haya, "Tuliambiwa tukusanye, hatukuambiwa tuseme. Kazi yetu tumekwisha kuitoa kwa mwalimu, na mtihani tumefaulu."

Sasa ndugu yetu auliza mambo matatu. La kwanza, je, uchunguzi huu wa kuwatoa watu damu ili wanafunzi wajifunze una ruhusa katika dini? La pili, je, wale wanafunzi wana dhambi, au ni kudura tu, kama walivyomwambia jirani zake? La tatu, mwaka huu wanakuja wanafunzi wengine, naye ameazimia kuwakataza Waislamu wote wa soko lile wasiikaribie meza yao. Je, afanya sawa?

Jawabu yetu katika la kwanza ni hii. Kuyachunguza maradhi, kujua yatokako, yatambulikanavyo na yatibiwavyo, hakuna ruhusa tu, bali ni fardhi ya kutosheleza. Wakiiacha watu wote, wote wamekosa. Imam Ghazali katika Ihya aliuhesabu utabibu miongoni mwa fardhi hizo, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fikihi huku miji yao haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Na imepokewa kwamba Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu watu wa Pwani, hakuona elimu iliyo bora kuliko utabibu baada ya elimu ya halali na haramu, na alisikitika kuona Waislamu wameipoteza.

Na Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshwa pamoja na dawa yake, anayeijua huijua na asiyeijua huwa hana habari nayo. Basi na tufikiri maana ya mafunzo hayo. Ikiwa dawa ipo, na wako wajuao na wasiojua, kitu gani kitamtoa asiyejua akawa ajuaye? Hapana ila kutafuta. Na wa kutafuta huanza akiwa mwanafunzi, kwa kuwa hapana tabibu aliyezaliwa tabibu.

Huenda mtu akasema kwamba twawajua matabibu waliokwisha kusoma, na hao watutosha, hawa wanafunzi ni wa nini? Twamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, mwaka 1924 alikuwako mwanafunzi wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, akisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Kijana huyu aliifanyia uchunguzi hati ya kale iliyokuwa katika maktaba ya Berlin, sharhe ya Ibn an-Nafis juu ya kitabu cha Ibn Sina. Ndani yake akakuta kwamba Ibn an-Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, alikwisha kueleza kwamba damu haivuki moyoni kwa kupenya ukuta wa katikati, kama walivyoamini Jalinus na Ibn Sina, bali hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Aliyasema hayo kiasi cha miaka 300 kabla ya Wazungu kuyaandika. Naye Ibn an-Nafis alikuwa pia mwanachuoni wa fikihi ya Shafii. Karne nyingi elimu ile ililala katika karatasi, na aliyeiamsha akaitangaza alikuwa mwanafunzi.

Jambo la pili ni la hapa petu. Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitali na homa kali, damu yake haizunguki vyema, alitiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Ndivyo ilivyoandikwa vitabuni, na kila tabibu aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema. Wachunguzi, wakiongozwa na Dokta Kathryn Maitland wa Kilifi, wakaitia desturi hiyo katika mizani, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi na Muheza. Zaidi ya watoto 3,100 waliingia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, 10 na kitu walikufa ndani ya saa 48. Na katika 100 ambao hawakutiwa hivyo, walikufa 7 na kitu. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na khabari ikatolewa wazi dunia nzima. Na tuzingatie hapa. Nia njema peke yake ilikuwa ikiua, na kilichoizuia ni kupima na kuhesabu. Basi mwenye kusema kuwa uchunguzi ni kuwachezea watu, na ajue kwamba kutibu bila ya kuchunguza huenda kukawa ni kuwachezea zaidi.

Ama hofu ya damu, twaijua. Wazee wetu walitishwa kwa khabari za mumiani, na mpaka leo wako wadhanio kuwa kila mwenye sindano huenda kuuza damu. Hiyo ni dhana isiyo na dalili. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipiga chuku, na damu itokayo katika chuku ni nyingi kuliko ya kichupa kimoja. Katika madhehebu yetu kutolewa damu mkononi hakutengui udhu wala hakufunguzi saumu. Iliyobaki ni kuiosha ngozi kama imechafuka. Na mwanamke na apimwe na mwanamke akipatikana. Asipopatikana, haja ina hukumu yake, kwa kadiri ya haja na mbele ya mahrimu wake au watu waaminifu.

Tumekuja katika la pili, nalo ndilo zito. Jirani zake ndugu yetu walimwambia kwamba kiharusi cha mamake ni kudura ya Mungu. Hayo ni kweli, na kila Mwislamu ayaamini. Wala sisi hatusemi kwamba lau bibi angeambiwa, asingepatwa. Mtume (s.a.w.) alitukataza kulikamata neno "lau", kwa kuwa hufungua mlango wa Shetani, na mwenye kuujua mwisho wa kila jambo ni Mungu peke yake. Lakini jirani wameichukua kudura wakaiweka pasipo mahali pake. Kudura ni liwazo la aliyepatwa. Si ngao ya aliyezembea. Bibi aliyelala kitandani akisema, "Mungu amekadiria," amesema neno la imani. Mwanafunzi aliyenyamaza akilisema neno lile lile, amekimbia hesabu. Sayyidna Umar aliporudisha jeshi lisiingie Sham penye tauni, aliulizwa kama aikimbia kudura ya Mungu. Akajibu kwamba aitoka kudura ya Mungu kuiendea kudura ya Mungu. Aliifahamu kudura vizuri kuliko sisi, na bado akafanya lililompasa.

Na lililompasa mwanafunzi lilikuwa nini? Presha inayofika 140 kwa 90, ikipimwa tena siku nyingine ikawa vivyo hivyo, matabibu huihesabu kuwa ni ugonjwa. Ikifika 190 si ya kuachwa mtu akenda zake sokoni. Ugonjwa huu hauna sauti. Mtu hula, hucheka na husali, huku mishipa ya ubongo wake yaliwa kidogo kidogo mpaka siku mmoja uzibe au upasuke. Na sukari ikiwamo, huharakisha kazi ile ile. Kwa kuwa ugonjwa hausemi, hapana wa kusema ila aliyeupima. Wala dawa zake si adimu. Huwa ni vidonge vya kila siku na kupunguza chumvi. Neno moja tu lilitakiwa: "Mama, presha yako iko juu sana, nenda hospitali leo." Neno hilo halikuhitaji ruhusa ya mwalimu.

Twasema wazi, basi, kwamba amekosa, na mwalimu wake amekosa zaidi. Kosa lao ni lile ambalo dini imelikemea kwa ukali mno, nalo ni kuificha elimu kwa mwenye haja nayo. Sisi wanavyuoni tumezoea kudhani kwamba onyo hilo ni la masheikh tu, katika mambo ya sala na talaka. Sivyo. Hesabu ya presha ya bibi ni elimu. Ilitoka katika mwili wake mwenyewe, naye alikuwa na haki nayo kabla ya mwalimu na kabla ya chuo. Mwenye kumchukulia mtu kitu chake ili akitazame, kisha akakiona kinaungua asimwambie, hawezi kusema, "Mimi nilitumwa kutazama tu."

Na kosa hili likiachwa hukua. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, serikali ilianza mwaka 1932 kuwachunguza wanaume weusi kiasi cha 600 wa mashamba ya Tuskegee, na 399 katika hao walikuwa na kaswende. Waliambiwa kwamba watibiwa "damu mbaya". Hawakutibiwa. Penisilini ikajulikana kuwa ndiyo dawa katika miaka ya 1940, nao wakanyimwa, ili waandikwe vile ugonjwa uwalavyo mpaka kaburini. Jambo hilo lilikwenda miaka 40, mpaka magazeti yalipolifichua mwaka 1972. Na rais wa nchi ile, Clinton, aliomba radhi mwaka 1997. Wale matabibu hawakuanza kwa kukusudia mauaji. Walianza kwa kuona kwamba mgonjwa ni daftari, na daftari haliambiwi kitu. Wale wanafunzi wa Chaka si sawa na hao, wala hatuwadhulumu kwa kuwafananisha. Lakini mlango ni ule ule, nao wamesimama kizingitini.

Na hapa, ndugu msomaji, insafu yatutaka tujishitaki wenyewe kabla ya kuwahukumu watoto wa watu. Miaka kadha iliyopita walitujia wanafunzi waliokuwa wakiuchunguza ugonjwa wa kifua kikuu katika mtaa wetu. Walitaka dakika kumi tu baada ya sala ya Ijumaa, wawaambie watu kwamba mwenye kukohoa zaidi ya wiki mbili na apimwe, na kwamba dawa ni za miezi 6 na hutolewa bure katika vituo vya serikali. Tuliwakatalia. Tulisema kwamba msikiti si zahanati, na kwamba wenye kukohoa wataaibika. Siku ile katika safu ya pili alikuwako mtu akikohoa, nasi twamjua na twamsikia. Alipimwa baada ya miezi mingi, na watoto wawili wa nyumba yake wakakutikana wameambukizwa. Wote watatu wamepona, alhamdulillahi. Lakini sisi hatujapona fedheha ya siku ile. Mwanafunzi wa Chaka aliificha elimu daftarini, nasi tuliifungia nje ya mlango wa msikiti. Twaona kosa ni moja, na letu limezidi kwa umri wetu na kilemba chetu.

Basi tuje katika la tatu. Ndugu yetu ataka kuwakataza Waislamu wasiikaribie meza. Uchungu wake twaufahamu, lakini twamwambia asifanye. Kwanza, dawa azinywazo mamake leo zilijulikana kwa miili ya watu wengine waliokubali kupimwa. Hatuwezi kuyanywa maji ya kisima kisha tukamkataza kila mtu kuchimba. Pili, serikali ilipoanza majaribio ya matibabu kwa wote mwezi wa Disemba 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti 4 zilizochaguliwa, kwa sababu maradhi haya haya ya presha na sukari yamekuwa mengi huko. Ukiwazuia Waislamu wasipimwe, hujamkomoa mwanafunzi. Umewaacha akina mama wengine wakitembea na 190 bila ya kujua.

Badala ya kukataza, na aweke masharti, nayo ni haya:

Kwanza, kila mtu aelezwe, kwa lugha aijuayo, kinachotafutwa na kitakachofanywa kwa damu yake. Na awe na uhuru wa kukataa, na hata wa kukubali kisha akarejea.

Pili, wanafunzi waulizwe ruhusa zao bila ya haya wala ukali. Uchunguzi wa namna hii hupitia kwanza kamati ya maadili, na sheria ya Kenya ya mwaka 2013 imeweka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu kuwa ndiyo itoayo leseni. Mwanafunzi mwaminifu atafurahi kuulizwa.

Tatu, nalo ndilo kubwa, kabla ya mkono kunyooshwa kupatanwe ni nani atakayeleta majibu, lini, na wapi. Presha isomwe papo hapo na mtu apewe karatasi yake. Damu ikionyesha jambo la hatari, apigiwe simu. Asiyekubali sharti hili, hapo na anyimwe mkono.

Nne, siri ya mtu isitangazwe. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu imelitaja hilo, na sharia yetu ililitaja kabla yake.

Ama nyinyi wanafunzi, mkipata kuusoma waraka huu, tunalo neno moja kwenu, na mfano wake watoka huko huko Nyeri. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kupata shahada ya udaktari wa elimu Nairobi mwaka 1971, alikuwa akiwachunguza kupe waletao ile homa ya ng'ombe iitwayo homa ya Pwani. Akenda mashambani kuwaokota kupe katika ngozi za ng'ombe. Angeweza kuinama juu ya kupe wake, akawahesabu, akarudi. Lakini aliinua macho. Akaona mbavu za ng'ombe zimetokeza, nyasi hakuna, mito imekuwa myekundu kwa udongo. Akafahamu kwamba kiwadhoofishacho wale ng'ombe ni zaidi ya kupe. Kilichotoka katika kuinua macho kule dunia nzima yakijua. Nanyi mkikaa mezani sokoni, inueni macho kutoka daftarini. Aliye mbele yenu ni mama wa mtu.

Na yule mwanafunzi wa Chaka, twamnasihi aende nyumbani kwa bibi, yeye na wenziwe, waombe radhi. Kisha warudi katika daftari lile, wawatafute wote ambao hesabu zao zilikuwa za hatari wakawaambie. Toba ya kuficha elimu ni kuidhihirisha. Sisi nasi tumekwisha kuwaandikia watu wa hospitali ya mji wetu kwamba mlango wa msikiti uko wazi, na dakika kumi zao zawangoja kila Ijumaa.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameandika jambo ambalo huenda hakujua uzito wake. Asema kwamba mamake, kwa ulimi wake mzito, alimwuliza kama wale watoto walipita mtihani wao. Alipoambiwa kuwa wamepita, akasema, "Alhamdulillahi." Radhi ya bibi ni haki yake, na akipenda kuitoa hapana wa kumzuia. Lakini deni la watoto halikufutika kwa wema wa mwenye kudai. Limezidi kuwa zito.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye bibi yetu, amlipe mwanawe kwa khidma yake, na atujaalie sote kuwa katika wale wakijuacho wakakisema. Wallahu aalam.